Kiyoyozi chenye homa ya vipindi

Ubovu wa gari uko wa namna mbili. Uko ule unaokuja na kukaa: injini haiwaki, taa zimezimika, breki hazishiki. Mwenye gari anauona, fundi anauona, na kazi inaanza. Uko na ule wa pili, ulio mzito zaidi kwa mfuko na kwa moyo, yaani ubovu unaokuja na kuondoka. Leo kifaa ni kibovu, kesho ni kizima, na keshokutwa kikifikishwa mbele ya fundi hufanya kazi kana kwamba hakijapata kuugua hata siku moja. Katika jiji letu la Dar es Salaam, kifaa kimojawapo kinachopenda kushikwa na maradhi hayo ni kiyoyozi cha gari.

Wapo watakaosema kwamba kiyoyozi ni anasa, na kwamba katika miaka ya 1970 abiria wa mabasi ya UDA walipozwa na upepo wa dirishani wakafika salama. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini upepo wa dirishani huja gari linapokwenda, na magari ya Dar es Salaam ya leo hutumia sehemu kubwa ya safari yakiwa yamesimama kwenye foleni. Tangu Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na unyevu wa bahari hufanya jasho lisikauke upesi. Mwili wa binadamu hujipoza kwa kukausha jasho. Jasho lisipokauka, moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Kijana mwenye afya atalalamika tu. Mzee, mgonjwa, mjamzito na mtoto mchanga wanaweza kudhurika.

Kwetu Temeke jambo hili lilitufika kwa sababu ya mama yangu mzazi. Umri wake umepita miaka 70, ana shinikizo la damu, na kila mwezi huhudhuria kliniki Muhimbili. Safari si ndefu: tunatoka kwa Barabara ya Chang'ombe, tunaingia Barabara ya Nyerere, tunapita Gerezani na Kariakoo, kisha Upanga. Gari letu ni dogo, la Kijapani, lililotumika huko kabla ya kuja kwetu, kama yalivyo magari mengi ya wafanyakazi wa jiji hili. Kiyoyozi chake kilianza kuugua mwanzoni mwa kaskazi. Kilipoza, kikaacha, kikapoza tena. Siku mbili mama alifika kliniki nguo zimelowa na kichwa kinamgonga, na presha iliyopimwa pale haikuwa ya kupendeza.

Fundi wa kwanza aliyeliona gari alikuwa na jibu moja tu kwa kila swali, nalo ni gesi. Kila lilipofikishwa kwake aliunganisha mtungi, akajaza, kiyoyozi kikapoza, akalipwa. Baada ya siku chache joto lilirudi. Katika miezi miwili gesi ilijazwa mara tatu. Ajabu ni kwamba mara ya tatu kiyoyozi kilikata upesi zaidi kuliko mara ya kwanza.

Ni mama aliyelitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Kabla ya kustaafu alikuwa muuguzi wa zahanati, na ugonjwa alioushika kwa mikono yake kuliko wote ni malaria. Tulipokuwa tumesimama kwenye foleni, akijipepea kwa kadi yake ya kliniki, aliniuliza: "Mwanangu, gari hili si lina homa ya vipindi? Mgonjwa wa homa ya vipindi akifika zahanati amepoa, hatumpi dawa kwa kukisia. Tunamuuliza: inakupanda saa ngapi, na inashuka saa ngapi?" Tangu siku hiyo aliweka daftari la shule ndani ya dashibodi, akawa anaandika kama aandikavyo muuguzi kwenye chati ya kitandani.

Kabla ya kusoma chati yafaa kuujua mwili wa mgonjwa. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto. Asili yake haiko mbali na mtungi wa udongo wa bibi zetu. Maji hupenya kwenye udongo kidogo kidogo, hutokeza nje, hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi bila barafu. Ndani ya kiyoyozi cha gari badala ya maji imo gesi, na katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 gesi hiyo ni R-134a, ambayo katika hali ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri.

Safari ya gesi hiyo ni ya mzunguko. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huigandamiza ikawa na presha kubwa na joto kali. Kisha huingia kondensa, ule wavu wa mabomba membamba uliosimama mbele ya rejeta, ambako feni na upepo wa mwendo huipoza hadi ikawa kimiminika. Kimiminika hicho hupita kwenye draya, kichupa kinachochuja takataka na kunyonya unyevu, halafu hupenyezwa kwenye tundu dogo la valvu ya upanuzi. Upande wa pili presha hushuka ghafla, kimiminika hugeuka gesi ndani ya koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi, nayo koili hunyonya joto la hewa ya ndani ya gari. Hapo ndipo mtungi wa bibi ulipo. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa na safari huanza upya.

Zingatia neno moja hapa, ndugu msomaji: gesi hiyo haichomwi kama petroli wala hailiki kama oili ya injini mbovu. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kwa miaka mingi huweza kupungua kidogo kupitia mipira na viungo, lakini ikipungua kwa mwezi mmoja, imevuja. Mtu anayekujazia gesi kila mwezi bila kutafuta tundu anamimina maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na ikiwa gesi haikupungua, kuongeza nyingine juu yake ni kosa jingine kabisa, kama tutakavyoona.

Sasa tuisome chati, maana saa na mahali pa ubovu husema mengi.

Ikiwa kiyoyozi hupoza gari linapokwenda na kuacha linaposimama, itazame kondensa na feni yake. Gari likienda, upepo wa barabarani huifanyia feni kazi yake. Likisimama, kondensa haipati upepo, presha hupanda, na swichi ya presha hukata umeme wa kompresa ili isipasuke kitu. Wakati mwingine feni ni nzima lakini kondensa imezibwa na vumbi, matope na wadudu, jambo la kawaida kwa magari yanayopita kila siku kwenye mitaa isiyo na lami.

Ikiwa huanza vizuri, kisha baada ya nusu saa hivi upepo hudhoofika ingawa feni ya ndani bado inavuma, na ukikizima kwa robo saa hupona huku maji mengi yakidondoka chini ya gari, barafu imeganda kwenye koili ya ndani. Anza na kilicho rahisi: kichujio cha hewa, ambacho katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, huenda kimejaa vumbi. Kikiwa safi, atazamwe yule mlinzi anayepima ubaridi wa koili na kukata kompresa kabla ya barafu.

Ikiwa upepo una nguvu ileile, ila hugeuka wa joto ghafla baada ya mwendo fulani, kisha hupona gari likipumzika, shuku unyevu ndani ya mabomba. Tone la maji huganda kwenye tundu la valvu, gesi haipiti. Likiyeyuka, gesi hupita tena. Ugonjwa huu aghalabu huletwa na fundi aliyefungua mfumo na kujaza gesi bila kufyonza hewa kwanza. Dawa yake ni draya mpya, na pampu ya kufyonza hewa kufanya kazi kwa muda usiopungua nusu saa kabla ya gesi kuingia.

Ikiwa asubuhi hufanya kazi na mchana, injini ikishapata moto, kompresa haishiki, tazama klachi yake. Klachi hiyo huvutwa na sumaku ya umeme, na nafasi kati ya sahani na puli haifiki milimita moja. Ikipanuka kwa uchakavu, sumaku iliyopata moto hushindwa kuivuta. Ikiwa klachi hushika na kuachia kila baada ya sekunde chache, ta-ta, ta-ta, mara nyingi gesi ni pungufu, na swichi ya presha ya chini inailinda kompresa. Ikiwa hukata na kurudi gari linaporuka mashimo, uko waya uliolegea, plagi iliyoingia kutu au relei iliyochoka; hewa ya chumvi ya pwani yetu haizihurumii nyaya.

Yapo pia mambo ambayo si ugonjwa. Magari mengi hukata kompresa kwa muda mfupi dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, kwa mfano anapopanda mwinuko wa Kimara akiwa na mzigo, ili injini ipate nguvu zake zote. Na injini yenyewe ikizidi moto, gari huweza kukizima kiyoyozi ili lijiokoe. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kiyoyozi, tupa jicho kwenye geji ya joto la injini.

Chati ya mama ilikuwa na mistari 11 baada ya wiki tatu. Mmoja ulisema hivi: saa 1:10 asubuhi, Chang'ombe, tunakwenda, baridi. Uliofuata: saa 1:35, Gerezani, tumesimama, joto. Wa tatu: saa 1:50, Upanga, tunakwenda, baridi. Mistari minane mingine iliimba wimbo huohuo.

Tulilipeleka gari Kinondoni, kwa fundi mwingine anayefanya kazi chini ya mkungu. Alimwamkia mama, akapokea daftari, akalisoma mpaka mwisho kabla ya kufungua boneti. Kisha akaiacha injini ikiunguruma gari limesimama, boneti akaifunga tena, akasubiri. Baada ya dakika kama kumi upepo wa ndani ukawa wa joto. Akachukua ndoo ya maji, akaimwagia kondensa kutoka mbele, taratibu, bila kugusa injini. Baridi ikarudi. "Mama," alisema, "mgonjwa wako hakupungukiwa damu. Amekosa pumzi."

Gari letu lina feni mbili, moja ya rejeta na moja ya kondensa. Ya rejeta ilikuwa ikizunguka, ndiyo maana injini haikuzidi moto na hakuna aliyeshuku kitu. Ya kondensa ilikuwa imesimama. Fundi alizima injini, akaigonga mota yake kwa mpini wa bisibisi, akawasha tena, nayo ikaanza kuzunguka. Kaboni za mota zilikuwa zimekwisha. Siku nyingine zilishika, siku nyingine hazikushika. Kwa sababu hiyo kila mara gari lilipotoka kwa fundi wa kwanza lilionekana limepona: lilikuwa linakwenda, na likienda lilipoza.

Jambo la pili alilolionyesha lilinishtua zaidi. Alifunga geji, akaitoa gesi yote kwa mashine na kuipima kwa mizani. Ilizidi kwa mbali gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Gesi ikizidi, presha hupanda upesi, na presha ikipanda upesi swichi hukata mapema. Kwa hiyo ile gesi iliyolipiwa mara tatu haikuwa bure tu, bali ilikuwa ikiongeza homa. Feni iliyotumika tuliipata Gerezani kwa bei iliyo chini ya gharama ya kujaza gesi mara mbili. Gesi ikarudishwa kwa kipimo. Kaskazi yote iliyobaki kiyoyozi hakikukata.

Yafaa tukumbuke pia kwamba gesi hizi zina hesabu yake nje ya gari. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za jamii ya R-12, iliyotumika katika viyoyozi vya magari ya wakati ule, zikipanda angani huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuzipunguza, na Tanzania ilijiunga na makubaliano hayo mwaka 1993. R-134a iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini hulifunika anga kama blanketi: kilo moja ikivuja huongeza joto la dunia, katika kipindi cha miaka 100, sawa na kilo zipatazo 1,430 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mwaka 2016, hapa jirani Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo pia. Gari dogo hubeba nusu kilo hivi. Basi ufa katika bomba si ufa wa mfuko wako peke yako, na wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, muulize kwa heshima maswali matatu. Je, amepima presha zote mbili, ya juu na ya chini, kabla ya kuongeza chochote? Ikiwa gesi imepungua, amelitafuta tundu, walau kwa povu la sabuni kwenye viungo? Na gesi atakayoweka, ataipima kwa gramu za kwenye kibandiko au atakisia kwa mkono? Fundi anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo, maana nayo ndiyo kazi yenyewe. Wala usijaribu kufungua mabomba hayo mwenyewe nyumbani. Gesi ikiruka huweza kugandisha ngozi na kupofua jicho. Mikono na mikono ya nguo ikae mbali na mikanda na feni, kwani feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka bila kukuarifu.

Na kabla gari halijapona, mlinde unayembeba. Safiri mapema, jua halijapanda. Gari lililoegeshwa juani fungua milango yote dakika moja au mbili kabla ya kumketisha mgonjwa. Beba maji ya kunywa. Usimwache mtoto wala mzee ndani ya gari lililofungwa, hata kwa kisingizio cha kununua mkate tu, kwa sababu ndani ya dakika 10 joto lake huweza kuongezeka kwa nyuzi 10.

Mafundi wetu wa chini ya miembe na mikungu ni wengi walio hodari, lakini tunawapelekea mgonjwa aliyepoa kisha tunawataka watibu homa wasiyoiona. Shahidi wa homa hiyo ni yule aliyeketi ndani ya gari. Weka daftari na kalamu ndani ya dashibodi. Andika tarehe, saa, mahali, gari linakwenda au limesimama, injini ina moto kiasi gani, upepo una nguvu au umedhoofika. Mistari kumi yatosha. Kisha nenda kwa fundi, na umpe daftari kabla hujampa fedha.